Ukuta wa Umeme Ndani ya Maji, na Ndoo ya Vifaranga Dodoma

Hotuba hii niliitoa jijini Dodoma mbele ya wafugaji wa samaki, wavuvi wa mabwawa na wanafunzi. Naiweka yote hapa kwa ajili yenu mliokosa nafasi ya kufika. Picha tulizoonyesha ukutani nimeziondoa, maneno nimeyaacha yalivyosemwa.

Mbukwenyi!

Mbukwenyi tena, na wa nyuma kule niwasikie.

Wazee wangu, ndugu zangu wafugaji wa samaki, wavuvi wa Mtera na Hombolo, mama zangu wa Bahi mnaobanika kambale, na ninyi vijana wa chuo: ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa kuzungumzia samaki vamizi. Samaki vamizi ni yupi? Ni yule aliyepelekwa kwenye maji yasiyo yake, akazaliana, akawanyang'anya wenyeji chakula na mazalia, na wakati mwingine akawachanganya damu hadi wenyeji wasijulikane tena.

Nitaanza mbali sana na hapa, kwenye mfereji wa meli ulioko Marekani. Nisameheni kwa safari hiyo ndefu. Pale kuna watu wanaotumia umeme usiku na mchana, mwaka hadi mwaka, kuzuia samaki wasipite. Nataka tuelewe walifikaje hapo, kwa sababu njia waliyoifuata wao na sisi tumeanza kuikanyaga.

Jiji la Chicago liko ukingoni mwa Ziwa Michigan. Mwishoni mwa karne ya 19 jiji lile lilikuwa linakunywa maji ya ziwa, na majitaka yake yalikuwa yanaingia Mto Chicago na kumwagika kwenye ziwa hilohilo. Mnaweza kufikiria magonjwa. Wahandisi wakachimba mfereji wa kilomita 45, wakaufungua Januari 1900, na mto ukageuka. Ulikuwa unaingia ziwani, sasa ukawa unatoka ziwani, unakwenda kupitia mito ya Des Plaines na Illinois hadi Mississippi, na mwisho Ghuba ya Mexico. Afya ya watu ikapona. Matishari, yaani vyombo bapa vya kubebea mizigo, yakapata njia. Mimi siwezi kusimama hapa nikawalaumu watu waliotafuta maji safi ya kunywa, na hakuna mtu wa Dodoma anayeweza.

Lakini chini ya maji kulitokea jambo jingine. Palikuwa na mabonde mawili yaliyotengana: Maziwa Makuu ya kule Marekani, Michigan likiwamo, upande huu, Mississippi upande ule, na katikati kipande cha nchi kavu. Kipande kile kilipokatwa, maji yakawa mamoja. Samaki hana habari kwamba mfereji ulichimbwa kwa ajili ya majitaka. Kwake yeye huo ni mto tu.

Sasa, mbona kelele hazikupigwa mapema? Kwa miongo mingi maji ya mfereji yalikuwa machafu kiasi kwamba samaki wachache mno waliweza kuvuka wakiwa hai. Uchafu wenyewe ndio ulikuwa kizuizi. Sheria ya maji safi ya 1972 ilipoanza kufanya kazi, maji yakatakata, na njia ikafunguka kwa wote: wa kwenda na wa kuja.

Wa kwanza kuogopwa alikuwa gobi, samaki mdogo kutoka Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, aliyeletwa na maji ambayo meli huyabeba tumboni ili isiyumbe. Alionekana kwenye Maziwa Makuu mwaka 1990. Hofu ilikuwa kwamba atashuka na mfereji hadi Mississippi. Mwaka 1996 Bunge la Marekani likaidhinisha kizuizi cha umeme kijengwe. Kikabuniwa, kikatafutiwa fedha, kikajengwa. Mwaka 1999 gobi tayari alikuwa ameonekana mferejini, chini ya mahali kizuizi kilipopangiwa. Kizuizi kikawashwa Aprili 2002.

Nasema tena kwa taratibu. Kiliidhinishwa 1996. Samaki akapita. Kikawashwa 2002.

Hata hivyo hakikuzimwa, kwa sababu upande wa pili alikuwa anakuja mwingine, mkubwa zaidi. Huyu anaitwa karpu, na hapa naomba wafugaji mnisikilize kwa makini. Karpu hawa ni samaki wa Asia. Miaka ya 1970 mwanzoni, karpu wa fedha na karpu mwenye kichwa kikubwa waliletwa jimbo la Arkansas. Nani aliwaleta? Wafugaji wa samaki na wataalamu. Watu kama ninyi na watu kama mimi. Waliwataka wasafishe mabwawa, maana samaki hawa huchuja na kula vijimea na vijidudu vinavyoelea majini. Ilikuwa nia njema kabisa. Wakatoroka kwenye mabwawa, mafuriko yakawasaidia, na miaka ya 1980 walikuwa wanazaliana mtoni. Wakapanda Mississippi, wakaingia Illinois. Karpu wa fedha akisikia injini ya boti huruka juu ya maji, hadi mita 3, na wavuvi wamevunjwa pua na taya. Lakini kuruka siyo hatari yake kubwa. Hatari ni kwamba anakula kile ambacho kila kifaranga wa kila samaki mwingine anakihitaji siku zake za kwanza.

Basi Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani kikaongeza vizuizi vingine palepale, karibu na mji wa Romeoville, kilomita 60 hivi kabla ya kufika Ziwa Michigan. Kimoja kikawashwa 2009, kingine 2011.

Kinafanyaje kazi? Vijana wa uhandisi, hii ni yenu. Sakafuni mwa mfereji wamelaza elektrodi, yaani vyuma vya kupitishia umeme majini, kutoka ukingo hadi ukingo. Juu ya ardhi kuna nyumba ya mitambo inayotoa umeme wa aina ya betri, unaoelekea upande mmoja tu, tena kwa mapigo mafupi mafupi, zaidi ya 30 kila sekunde. Pale penye nguvu zaidi, majini kuna takriban volti 0.9 kwa kila sentimita. Samaki anapokaribia anaanza kusumbuka. Akisogea mbele, usumbufu unazidi. Wengi hugeuka. Anayeng'ang'ania hupigwa ganzi, misuli inakataa kumtii. Na hapa kuna jambo lililopangwa kwa akili sana: mfereji unatiririka kutoka ziwani, na karpu anapanda kinyume cha maji. Akishapigwa ganzi, mkondo wenyewe unamrudisha alikotoka. Hauhitaji kumuua. Unahitaji azimie kidogo, maji yamalizie kazi.

Nikawaza, hii ni kazi nzuri ya watu wenye bidii. Na ninawaheshimu sana wanaoisimamia. Lakini je, ni ukuta kweli? Hapana. Ina matundu, na matundu yake yana mafunzo kuliko nguzo zake.

Tundu la kwanza ni udogo. Kinachompiga samaki ni tofauti ya volti kati ya kichwa chake na mkia wake. Samaki mrefu anashika tofauti kubwa. Kifaranga wa sentimita tano anashika tofauti ndogo sana, hasikii sawasawa. Ukiongeza umeme umpate kifaranga, unazidi kuhatarisha mabaharia, maana meli bado zinapita palepale. Kuna kanuni za usalama kwa ajili hiyo: boti ndogo haziruhusiwi, chombo hakisimami, na mtu akitumbukia anaweza kufa.

Tundu la pili ni matishari. Ni ya chuma, na chuma hupotosha umeme. Majaribio yameonyesha kwamba samaki wadogo waliojibanza kwenye nafasi kati ya tishari na tishari wanaweza kukokotwa hadi ng'ambo ya kizuizi. Hebu fikirieni: meli ambazo kwa ajili yake mfereji haukufungwa, ndizo zinazowabeba.

Tundu la tatu ni matengenezo. Mtambo wa umeme lazima uzimwe siku moja ukaguliwe. Desemba 2009 walipokizima kimoja, walihofia samaki watapenya, kwa hiyo wakamwaga sumu ya rotenoni kwenye kilomita 9 hivi za mfereji. Rotenoni ni nini? Wazee wanaijua bila maabara. Ni sumu ileile iliyomo kwenye utupa, mmea ambao watu waliutwanga na kuutia mtoni ili samaki waelee, jambo ambalo leo sheria yetu ya uvuvi inalikataza. Walikufa samaki wa tani nyingi siku ile. Kati yao wote walimpata karpu mmoja mwenye kichwa kikubwa. Mmoja. Na ilibidi wafanye hivyo, kwa sababu kwenye jambo hili mmoja akiongezewa mwenzake inatosha.

Na tundu la nne ndilo lililonifanya niitikie mwaliko wenu. Karpu walikutwa kwenye mabwawa ya bustani ndani ya jiji la Chicago, ng'ambo ya kizuizi, upande wa ziwa. Walipita wapi? Hawakupita mferejini. Ushahidi uliopatikana unaelekeza kwenye magari ya vifaranga. Miaka ya nyuma mabwawa yale yalipandikizwa kambale ili wakazi wavue, na ndani ya shehena ya vifaranga wa kambale walikuwamo vifaranga wa karpu. Hakuna aliyewatambua. Kizuizi kikubwa kimesimama mtoni na umeme wake, na lori likapita juu barabarani.

Gharama je? Sasa wanajenga kingine chini zaidi, Brandon Road, karibu na Joliet: umeme, pazia la mapovu, kelele majini, na mlango wa meli unaosukuma maji nje kabla chombo hakijaingia. Mpango huo umekadiriwa kuzidi dola bilioni 1. Ndugu zangu, hiyo ndiyo bei ya kutenganisha tena maji mawili yaliyounganishwa mwaka 1900.

Kuna kijana aliniuliza kabla sijapanda hapa: mwalimu, na sisi tujenge kizuizi cha umeme Mtera? Nilimwambia nitamjibu mbele ya watu wote. Jibu langu ni hapana, na sababu iko chini ya miguu yetu.

Mkoa huu wa Dodoma umekaa mahali pa ajabu. Maji yake yanakwenda njia tatu. Mvua inayonyesha upande wa kusini inaingia Mtera, kwenye Ruaha Mkuu, inapita Kidatu, inaishia Rufiji na Bahari ya Hindi. Inayoingia Hombolo inashuka na Kinyasungwe, inakutana na Mkondoa, inakuwa Wami, inatokea baharini kule Saadani. Na inayobebwa na Mto Bubu kutoka Kondoa na Chemba inamwagika kwenye vinamasi vya Bahi na Sulungali, na hapo inakwisha. Haifiki bahari yoyote. Inakauka ikiwa nyumbani.

Mabonde matatu ndani ya mkoa mmoja! Mtu anaweza kunywa chai Bahi asubuhi, akala mchana Hombolo na kulala Mtera, akawa amevuka mabonde matatu bila kujua. Samaki hawezi safari hiyo. Ametenganishwa na mwenzake kwa muda mrefu kuliko binadamu anavyoweza kukumbuka. Nani amemtenga? Nchi kavu. Vilima vya mawe, mbuga za miiba, makorongo yaliyokauka miezi saba au minane ya mwaka. Chicago walikuwa nayo nchi kavu yao, wakaikata. Sisi ya kwetu bado ipo, na haihitaji volti hata moja.

Kitu kimoja tu kinaivuka nchi kavu hiyo. Ndoo.

Ndoo, na pipa la buluu, na mfuko wa nailoni uliojazwa oksijeni. Nimeiona mifuko hiyo ikishushwa kwenye basi, vifaranga wa sato, jamii mojawapo ya perege, kutoka Kanda ya Ziwa wakihema, na anayewapokea amechoka kusubiri lakini ana furaha, maana amechimba bwawa kwa mkopo. Simlaumu. Sato anakua haraka, sokoni anapendwa. Lakini mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza perege kwenye mabonde mengi ya Tanzania, na walikuta sato ameenea nje ya maji yake ya asili; na mahali kadhaa amechanganyika damu na perege wa asili. Kwa sehemu kubwa alipelekwa na watu, makusudi, kwa miongo mingi. Alivuka mabonde kwa mikono.

Mtaniuliza: perege ni perege, kuna hasara gani wakichanganyika? Hapa nataka nikae kidogo.

Kwenye Mto Wami, mto huohuo unaoanzia kwenye makorongo yetu, kuna perege wa asili ambaye wanasayansi wanamwita Oreochromis urolepis, aina ya hornorum. Samaki huyu alifika Zanzibar, na kutoka Zanzibar akapelekwa Malacca, huko Malaysia. Mtaalamu wa Kiingereza, C. F. Hickling, akamkutanisha dume lake na jike la perege wa Msumbiji. Mwaka 1960 akautangazia ulimwengu matokeo: watoto wote walitoka madume. Wote!

Nyie wafugaji mnajua maana ya maneno hayo. Nani hapa hajawahi kuliwa na hasara ya bwawa lililojaa vifaranga wadogo kwa sababu majike yalizaana kabla ya kuvunwa? Leo tunanunua vifaranga wa dume tupu waliolishwa homoni. Na siri ya kupata dume tupu bila homoni ilitoka kwenye damu ya samaki wa Wami, samaki ambaye bibi zetu walimla na ugali wa mtama bila kumwona kuwa na thamani yoyote ya pekee. Siri hiyo imo ndani ya samaki halisi, asiyechanganyika. Akishachanganyika na sato, huwezi kumchambua tena ukamrudisha. Hakuna chekeche ya damu. Ni nini kingine kimo ndani yake ambacho hatujakijua bado? Kustahimili joto? Ukame? Chumvi? Tukimpoteza, hatutajua kamwe tulikuwa na nini. Mimi jambo hili linaniuma, na siwezi kulisema kwa upole zaidi ya hapo.

Upande wa kaskazini na kaskazini-magharibi yuko mwingine, perege wa maji ya magadi, ambaye makazi yake ni maziwa kama Manyara, Eyasi, Kitangiri na Singida. Ni wa Tanzania peke yake. Dunia nzima hana nyumba nyingine.

Habari za sangara mnazijua, sitazirefusha. Aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, akalipuka miaka ya 1980, na inakadiriwa aina 200 hivi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa lile, zikatoweka au zikaponea chupuchupu. Alileta viwanda na fedha za kigeni, hilo ni kweli, na watoto wa Mwanza wamesomeshwa kwa hela za sangara. Ninachotaka mkishike ni kimoja: hakuna aliyeweza kumwondoa baadaye, hata kama angetaka.

Wengine mna wasiwasi na mabomba. Upo mpango wa kuleta maji ya Ziwa Victoria hadi Singida na Dodoma, na upo mpango wa bwawa la Farkwa kwenye Mto Bubu. Mimi nayasubiri maji hayo kama ninyi. Mama anayeamka saa nane usiku kupanga foleni ya ndoo hahitaji kusomewa habari za perege. Maji yaliyochujwa na kutiwa klorini hayabebi samaki hai. Tuombe tu kwamba popote maji ghafi yatakapotolewa bonde moja na kumwagwa bonde jingine, swali la viumbe waliomo liulizwe mezani kabla mtaro haujachimbwa. Kuuliza ni bure. Chicago waliuliza baada ya miaka 90 na zaidi.

Sasa tuingie kwenye mabwawa yenu. Mnakumbuka mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyoing'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe? Ni mwezi uleule ambao kule Chicago walikuwa wanamwaga sumu. Maji yaliyobeba reli na madaraja yanashindwa kubeba vifaranga wa bwawa lako? Kwa hiyo usichimbe bwawa kwenye mkondo wa korongo, hata kama udongo wake ni mtamu na maji yako karibu. Inua tuta lizidi alama ya mafuriko makubwa ambayo wazee wa pale wanaikumbuka; waulize, watakuonyesha mti. Bomba la kutolea maji livishwe wavu wa matundu madogo, na wavu uoshwe, maana ukiziba vijana huuvua na kuutupa pembeni.

Ukinunua vifaranga, muulize muuzaji: hawa ni aina gani, wazazi wao walitoka mto gani, na una karatasi gani ya kuthibitisha? Akibabaika, ondoka na fedha zako. Kusafirisha samaki hai ni jambo la kibali. Afisa uvuvi wa halmashauri yupo, mpigie kabla gari halijapakia. Wafike wakaguliwe kwenye beseni jeupe, mmoja mmoja ikibidi. Kumbukeni wale kambale wa Chicago.

Na ukiona biashara imekushinda, bwawa linakauka, samaki wanahema, tafadhali usiwachote ukawamwage kwenye lambo la kijiji au Hombolo kwa huruma. Najua huruma hiyo. Nimekutana nayo kwa watu wema kabisa. Waite majirani, wavue, wakaange, wale. Wa kubanika wabanikwe. Mtoto asiwahi kutumwa na ndoo ya samaki hai kuelekea bwawani.

Wavuvi wa Mtera na Bahi, ninyi ndio macho yetu. Mkimvua perege mwenye sura msiyoizoea, mistari ya mkiani mipya, mwili mnene kuliko wa siku zote, msimtie kwenye tenga pamoja na wengine. Mpigeni picha pembeni ya kitu cha kupimia, andikeni mahali na tarehe, mkabidhi ofisi ya uvuvi. Nimeleta madaftari, yako mezani pale mlangoni, chukueni.

Mimi nimefika mwisho wa niliyokuja nayo. Mzee wangu wa Mtera, shikamoo. Umenyoosha mkono tangu nilipotaja perege wa Wami. Mpeni kipaza sauti tuanze na yeye.